Mwaka ile Dirisha Ilikatala Kufunguka

Mwezi yenye ilipita tulizika Mwalimu Bauma kule Bweremana. Nilitoka huku Ngungu asubui na moto, pikipiki ya kukodi, barabara ikiwa matope tupu, nikafika ku matanga na kikwembe ya kujifunga yenye kujaa udongo mpaka ku magoti. Nyuma ya nyumba bamama balikuwa banakaanga samaki ndogo za sambaza. Bakanipatia sahani na bugali, nikaikala ku benchi karibu na jiko nikauke. Mule ndani nikasikia mutu moja mu banafunzi yake ya zamani anasema: "Ule Mwalimu, kitu yenye alikufundisha haikutoka tena mu kichwa." Mwingine akaitika: "Njo vile. Mi kaye ya kuandikia masomo yake ningali nayo." Nikaacha kula. Juu ile maneno ilikuwa kweli kupita vile benyewe balikuwa banafikiri. Kisha mukubwa wa familia akakuja kuniuliza kama sitasema neno moja, juu nilikuwa mwanafunzi wa Itebero, nimetoka mbali. Nikasimama, nikasema alikuwa mutu wa uvumilivu, alinifundisha ordinateri, ile kompyuta, wakati batu balikuwa banasema mama wa umri yangu habebe tena kitu ku kichwa isipokuwa kuni. Batu bakacheka kidogo, nikaikala. Yote nilisema ilikuwa kweli. Lakini ile yenye ilikuwa inanikula roho sikuisema, juu haiko neno ya kusema mbele ya sanduku ya mufu. Njo naiandika hapa.

Mwaka ile nilikuwa nafikisha miaka makumi tatu na munane, na tulikuwa tunaikala Itebero, mu pori ya Walikale, fasi nguo inaweza kumaliza siku tatu ku kamba pasipo kukauka. Mangaribi, nikimaliza kupika, nilikuwa naenda ku masomo ya bakubwa mu darasa moja ya shule ya primere. Chumba ilikuwa inanuka chaki na mavi ya popo, juu popo balikuwa mu plafo, chini ya bati, na tukiwasha mwangaza balianza kupigana huko juu mpaka vumbi inatuangukia ku klavie ya kuandikia. Tulikuwa banafunzi saba na mashini tatu, zote za Linux, juu Mwalimu alisema Linux haikulombe kununua kitu na virusi inaikosea njia. Hakukuwa mutu wa kugusa klavie kama hajaandika komande, maneno ya kuamuru mashini, kwanza mu kaye, na mukono. Mi nilikuwa naandika vile nilifundishwa kuandika katekisimo nikiwa mutoto: neno kwa neno, na alama zote, pasipo kuuliza. Siku moja akatufundisha kuingia mu mashini moja kutoka ingine, na ssh. Akaweka mashini yake mbele, ku meza, inatuangalia, kisha akaandika ku ubao: export DISPLAY=:0. "Mukisha kuingia, muandike ile laini, kisha muite programu." Nikaikala ku mashini ya nyuma, nikaingia mu ile yake, nikaandika laini, nikaita programu ya kufanya hesabu. Dirisha ikafunguka kule mbele, na darasa yote ikapiga makofi. Papa moja mwenye alikuwa anauzisha mafuta ya mawese akasema, "Mujichunge na Mama Neema, amekwisha kuwa muganga." Nilifurahi sana. Nikaandika mu kaye na biki nyekundu: Laini ya kufungua dirisha. Nikapiga mustari chini yake mara mbili.

Ile masomo njo ilinipatia kazi ku santre ya afya. Mwalimu yeye alihamia Bweremana kwa familia ya bibi yake, akaniachia namba yake ya telefone na kusema, "Mama, ukikwama, unanitumia sauti." Ku santre mukubwa wetu alikuwa infirmieri, muuguzi moja, sisi wote tulimwita Papa Titulaire, mutu mwembamba mwenye kusema polepole hata wakati nyumba inaungua. Biro ya kutugawia dawa ilikuwa mbali, kule Masisi. Zamani tulikuwa tunatuma liste ya bagonjwa ku karatasi, na moto, na karatasi ilikuwa inafika imelowa, majina imechanganyika. Njo wakaleta programu. Majina ya bagonjwa ba kifua kikuu inaingizwa mu programu na mutu wa kila santre, na kode yake mwenyewe; mwisho wa mwezi liste inafungwa; mwenye jina yake haiko mule, dawa yake haitoke mu depo. Ilikuwa vile tu. Na programu yenyewe haikukuwa mu mashini yangu. Ilikuwa mu mashini kubwa ya Masisi. Mi napashwa kupita na ssh mpaka kule, naiita, inafanya kazi kule, lakini dirisha yake inachorwa huku Itebero mbele ya macho yangu, naandika mule majina. Walinielezea ivi ku telefone, na nikasema ndiyo nimesikia.

Sasa mujue kama antene yetu ya internete ilikuwa inakula batri moja na frigo ya chanjo. Papa Titulaire alitupatia saa moja tu ku juma: Siku ya ine, njo Alhamisi, saa tisa ya muchana, wakati jua imekwisha kujaza batri. Mwezi moja, saa ine tu. Ukikosa hii, unangojea juma nzima, unapika, unafua, unaenda ku misa, unarudi, unajaribu tena dakika makumi sita.

Mu bagonjwa yetu kumi na moja kulikuwa Mama Nyota. Alikuwa anachoma makemba, ndizi kubwa za kuuzisha, karibu na kivuko, nyumba yake ikitazamana na yetu, mwanamuke mukubwa wa mwili zamani, na kikohozi ilikuwa imemupunguza mpaka mikono ya nguo yake inacheza. Alikuwa ku mwezi ya ine ya dawa. Kikohozi ilikuwa imepungua, alikuwa amerudia makemba. Ilibakia miezi mbili tu. Kila asubui alikuwa anapita kumeza kidonge mbele ya Papa Titulaire na kumutania: "Titulaire, wewe unaniangalia kinywa kupita bwana yangu." Na yeye anajibu polepole, "Bwana yako haandike raporo."

Siku ya ine ya kwanza niliingia vizuri mpaka Masisi, nikaita programu, ikajibu kwa kifaransa kama haiweze kufungua ekran, kioo ya mashini. Nikaita tena. Jibu moja. Saa ikaisha. Juma yenye ilifuata nikatumia Mwalimu sauti: "Mwalimu, niko ndani, lakini dirisha inakatala." Jibu yake ikakuja na kelele ya soko na mutu anaita bei ya samaki: "Mama Neema, umeandika laini yetu? Andika kwanza laini yetu." Nikajilaumu. Nikafungua kaye, nikaona wino nyekundu. Nikaandika laini, nikaita programu, na kweli ile neno ya kukatala ikapotea. Lakini dirisha haikuonekana. Ekran yangu ikabaki nyeusi na kale kamustari kanacheza, hakuna kosa, hakuna jibu, sawa mutu mwenye umeuliza swali na anakuangalia tu. Nikangojea. Kisha ghafula komande ikarudi, sawa vile programu inafanya mutu akiifunga. Nikaita tena. Kimya, kisha ikarudi. Mara tano, mara sita. Papa Titulaire akaweka kichwa mu mulango: "Inaendelea?" Nikasema, "Haikatale tena." Akasema, "Lakini inakubali?" Nikaita programu tena. Mwisho wa mwezi liste ikafungwa, santre yetu haina hata jina moja.

Tulikuwa na akiba ndogo mu kabati, ya juma mbili hivi. Nikaandikia Papa Superviseur, mukubwa wa biro ya Masisi, mutu mwenye nilikuwa sijamuona ku macho. Nikamuandikia: Papa, naomba mutu wa pale aingize majina ya Itebero, nitayatuma. Akajibu juma yenye ilifuata: "Mama, kila santre inaingiza yake. Ni juu ya makosa ya zamani." Nikamuandikia tena, nikamuelezea dirisha. Akajibu kama nimesahau kuweka herufi X kubwa nyuma ya neno ssh, njo inaleta dirisha ku mutu. Basi nikaweka X kubwa. Sasa mashini ya Masisi ikasema ombi ya dirisha imekataliwa. Nikaandika tena. Teknisia yao alipita kisha siku munane, akatuma neno moja: "Nimefungua." Siku ya ine nikaingia na X kubwa, na hakukuwa tena neno ya kukataliwa. Nikafungua kaye yangu, nikaandika laini ya Mwalimu, nikaita programu.

Kimya. Kisha ikarudi.

Leo nikifikiri ile dakika, mikono inanibaki hewani. Juu siku ile njia ilikuwa wazi. X ilikuwa imefanya kazi yake, dirisha ilikuwa inajua njia ya kufika Itebero, na mi mwenyewe, na mikono yangu, nikaiambia isikuje. Sikujua. Nilikuwa naandika ile laini kila mara sawa vile mutu anafanya alama ya musalaba mbele ya kula. Haikuniingia hata siku moja kama ninaweza kuiacha. Mwalimu alisema, na mi ni mutu wa kushika yenye nimeambiwa; bwana yangu anasema njo kitu kizuri yangu na njo kitu mubaya yangu, na siku ingine sijue anaongea ya gani.

Nilikuwa pia mu kikundi ya bamama ba sala ku WhatsApp, kikundi ya parokia zote za Masisi na Walikale. Sauti zilikuwa zinafika zote pamoja Siku ya ine, antene ikiwaka, nami nazisikiliza mangaribi nikichambua sombe, majani ya muhogo: mama huyu anaombea bukwe, ndoa ya mutoto yake, ule anaombea mimba, mwingine anaombea shamba juu nguruwe wa pori bamekula mihogo. Mu mwezi ile ya kwanza kulikuwa sauti ya mama moja wa Masisi, Mama Kahindo, wa kabila ya banande, wa Butembo. Kaka yake alikuwa na duka pale Masisi, na yeye alikuwa sekretere mu biro moja. Sauti yake ilikuwa na haraka sawa mutu anaita bakiriya bakuje kununua: "Bamama, musinichekelee. Muombee mashini ya biro yetu. Iko na kitu. Sitaki kusema mingi ku telefone." Mi nilikuwa nazoea kuchukua haja moja ya kikundi na kuiombea rozari juma nzima. Nikachukua ile. Nilifikiri: huyu mama anateseka na mashini sawa mimi. Nikaomba siku saba, nikaongeza saba ingine, Mungu atoe ile kitu mu mashini ya Mama Kahindo.

Mwezi ya pili ikaisha, liste ikafungwa tena pasipo sisi. Akiba ilikuwa imekwisha tangu katikati ya mwezi ile. Papa Titulaire alitembea siku mbili mu pori mpaka santre ya jirani kulomba vidonge, bakamupatia chakula na malazi na kumwambia yao imehesabiwa jina kwa jina. Alirudi na viatu ku mabega. Hakunilaumu. Ile njo iliniumiza, juu angeninena ningemujibu. Asubui Mama Nyota alipita sawa kila siku, akasimama ku dirisha ya santre, akafungua mukono.

"Leo hakuna," Papa Titulaire akamwambia.

"Kesho?"

"Mama, dawa iko Masisi."

"Masisi haiko ku mwezi. Batu banatoka kule na viazi kila juma."

Akaniona nyuma ya meza na kaye yangu. "Na wewe, Mama Neema, mwenye kufanya mashini. Hauwezi kuambia ile mashini yako kama naanza kukohoa?"

Bale batu batano bengine ku mustari bakacheka, naye akacheka, kisha kikohozi ikamushika, ikamukata kicheko katikati. Nilienda nyuma ya santre, fasi ya kufulia, nikaikala ku jiwe. Nilikuwa na kasirani. Si na yeye. Na Masisi, na Superviseur, na ile kamustari yenye kucheza. Nikasema na Mungu mu kihunde, luga ya kwetu, juu nikikasirika kiswahili haitoshe. Nikamwambia: mi nimeandika kila kitu vile niliambiwa. Niambie kama kuko alama hata moja nimeruka. Nilikuwa naamini kama hii njo hoja ya nguvu.

Mwezi ya tatu, Siku ya ine ya pili, nilijaribu mara tisa, ku dakika ya mwisho sauti za kikundi zikaingia ku telefone, na saa ikaisha. Nikabeba telefone nyumbani, nikaweka sombe mu kinu, nikafungua sauti za kikundi. Mama Kahindo alikuwa mule tena, na safari hii alisema yote.

"Bamama, sasa naeleza, juu nimechoka kuogopa. Ile mashini yetu, kila Siku ya ine, saa tisa ya muchana, hakuna mutu ku kiti, dirisha ya liste ya bagonjwa inajifungua yenyewe. Superviseur alinikataza kuacha ile liste wazi, juu majina ya bagonjwa ni siri. Basi naifunga. Inajifungua. Naifunga. Leo imejifungua mara tisa, nimehesabu. Nimemwaga mayi ya baraka, pembeni, haiko ku klavie, musidhani ni mujinga. Mumwambie Padri."

Muichi wa kinu ukabaki mu mukono yangu. Bwana yangu akaniuliza, "Kuna nini?" Nikasikiliza sauti tena. Siku ya ine. Saa tisa. Mara tisa. Nikaona tena ile darasa na popo, na mi ku mashini ya nyuma, na dirisha inafunguka mbele, ku meza ya Mwalimu, na batu banapiga makofi. Mbele. Ku mashini yake, haikukuwa ku yangu. Ile laini haikukuwa laini ya kufungua dirisha. Ilikuwa laini ya kuambia programu: jioneshe ku ekran ya mashini yenye uko ndani. Mu darasa tulikuwa sisi wote mu chumba moja, na mu chumba moja huku na kule ni kitu moja. Lakini nikiwa Itebero na nimeingia mu mashini ya Masisi, "mashini yenye uko ndani" ni Masisi. Na juu biro yote ilikuwa inatumia konti moja ya kuingia mu ile mashini, mi na bao, hakuna kitu ilikatala. Miezi mbili nilikuwa nafungua dirisha mbele ya kiti tupu, mu biro yenye sijapata kuingia, na Mama Kahindo anaifunga, na mi naifungua, kila mutu anashika yenye aliambiwa. Na mangaribi napiga magoti naomba Mungu aifukuze. Siweze kusema hakunisikia. Kila mara ilifungwa.

Nilitoka nikakimbia ku santre, kikwembe mukononi. Papa Titulaire alikuwa anafunga kufuli. Nikamwambia naomba antene sasa, dakika kumi. Akaangalia batri, akaangalia frigo, akaniangalia. Akafungua. Nikamwita Mama Kahindo ku WhatsApp, na akaitika na mashaka.

"Nani huyu?"

"Ni mi, Mama Neema wa Itebero, wa kikundi ya sala. Dada, ile kitu mu mashini yenu, ni mimi."

"Ni wewe, namna gani?"

Nikamuelezea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe mi niko naombewa na mwenye kunishambulia." Nikasikia anacheka, kicheko ya kuchoka. "Dada, mi nilikosa usingizi juma tatu juu yako. Nilifunga kula."

"Nisamehe."

"Nitaangalia." Kisha akauliza, "Sasa ikijifungua Siku ya ine, niache wazi niandike majina yako?"

"Unaweza?"

"Hapana. Superviseur alisema nisiguse. Tena inauliza kode."

"Basi uache tu. Usifunge kitu, usifungue kitu. Ukiona haijifungue kwako, njo umejua imefika kwangu."

Papa Titulaire alikuwa amesikia yote. Alisema tu, "Liste inafungwa kisha siku kumi na tano. Mbele ya pale uko na saa mbili tu za antene." Nikasema ningejaribu mara moja sasa. Akasema hapana, batri inabaki ya chanjo za batoto. Alikuwa na haki, na ile juma ilikuwa ndefu kupita mimba.

Siku ya ine ikafika na mawingu. Batri haikujaa. Nikaikala ku meza, nikaingia Masisi na X kubwa. Mukono yangu ikaenda yenyewe ku kaye, ikafungua ukurasa ya wino nyekundu. Nikafunga kaye, nikaikalia. Kweli, nikaiweka chini ya matako nikaikalia, juu nilikuwa sijiamini. Nikaita programu pasipo laini. Kimya tena, na ile kimya sitaisahau, juu ilikuwa inafanana na zingine zote. Kisha kona ya juu ya ekran ikatoka mupaka ya dirisha, ya rangi ya majivu, tupu. Ikasimama. Ikaongeza kipande. Ikasimama. Mandishi ikakuja nusu, kama mutu anavuka mutoni na kupima kila jiwe. Papa Titulaire akasogea nyuma yangu. "Ni hii?" akasema. Nikasema, "Ni hii." Telefone ikaonesha neno ya Mama Kahindo: "Kwangu hakuna kitu. Nashukuru Mungu. Na kwako?"

Sikukuwa na wakati ya kumujibu. Programu inauliza jina, unaandika herufi, na herufi inaonekana kisha unahesabu mpaka munane. Unakosea, unafuta, unahesabu tena munane. Sikufuata alfabeti, niliweka Mama Nyota wa kwanza. Jina yake, kijiji, mwezi ya dawa, siku za kukosa. Pale ku siku za kukosa nikaandika hesabu, na hesabu ikakawia kuonekana, nami niko naiangalia ikikuja. Majina tano ikachukua nusu saa. Taa ya batri ikageuka nyekundu. Papa Titulaire akaenda ku frigo, akaweka mukono juu yake sawa mutu anapapasa ngombe, akachomoa waya. "Dakika makumi mbili," akasema. "Nimeweka barafu." Niliandika majina sita mu dakika makumi mbili na mbili. Nikabonyeza kutuma, dirisha ikafikiri, ikasema imepokea, na nikafunga mi mwenyewe, ya kwanza yenye nilifunga na mukono yangu.

Dawa ilifika na moto mwanzo ya mwezi, mu karto, sanduku ya karatasi yenye kufungwa na plastiki, majina yote kumi na moja. Batu ba santre bakafurahi. Ungefikiri habari inaisha pale, na ku kikundi ya sala njo ilimalizikia pale: Mama Kahindo alitoa ushuhuda, bamama bakapiga vigelegele ku telefone. Lakini Mama Nyota alikuwa amepita juma sita pasipo kidonge. Papa Titulaire akalomba makohozi yake, akaangalia mu mikroskopu, akaangalia tena. Kisha akaniita niikale nao, juu alijua ningetaka kuwa pale. Akasema polepole kama ugonjwa umerudia nguvu. Ile miezi ine na nusu haihesabiwe tena. Ataanza ku siku ya kwanza.

Mama Nyota akauliza, "Masisi ilikuwa imefunga dawa juu ya nini?"

Papa Titulaire akafungua kinywa ajibu kitu ya kumusaidia kila mutu. Mi nikamutangulia. Nikasema, "Masisi haikufunga. Ni mimi. Nilikuwa nafungua vibaya." Nikamuelezea bila komande, vile ningeelezea mutoto: nilikuwa napika kwako na sahani naweka kwa jirani, kila juma, na naomba Mungu ukule.

Aliniangalia murefu. Alikuwa amekonda tena ku mashavu. "Mi nilikuwa nafikiri ni serikali," akasema. "Nimeitukana serikali bure juma sita."

"Nisamehe, mama."

"Miezi sita tena, Mama Neema. Unajua ile kidonge inafanya tumbo namna gani? Na mukojo inatoka nyekundu. Unajua?"

"Siijue."

"Basi utaijua. Titulaire ananichosha na macho yake. Wewe njo utakuwa unakuja kwangu kuniangalia. Kila asubui, mbele ya niwashe jiko. Mvua ao jua."

Papa Titulaire akasema inaweza, kama nitatia sahihi. Kesho yake nikavuka barabara, mvua ikiwa inaanza. Alikuwa ameikala ku kiti ndogo, kikombe ya mayi ku mapaja. Nikamuhesabia vidonge mu mukono. Akameza moja, akameza ingine, uso ikikunjamana, kisha akafungua kinywa nione kama imeshuka, vile inaombwa. Niliangalia chini ya ulimi, kushoto, kuume. Nilikuwa nimekwisha kuona, lakini hakufunga.

"Angalia vizuri," akasema, kinywa ikiwa ingali wazi.

Nikaangalia tena.